Upanga wa kichawi (michezo ya mezani)

Upanga wa kichawi katika michezo ya kuigiza wahusika ni silaha ya kubuniwa yenye uwezo unaozidi ule wa chuma cha kawaida. Huongeza uhodari wa anayeushika, huwaka moto, hugundua maadui waliojificha, na wakati mwingine husema na kuwa na matakwa yake wenyewe. Michezo hiyo huchezwa na watu waliokaa pamoja mezani: kila mchezaji huendesha mhusika mmoja, msimamizi wa mchezo husimulia ulimwengu unaowazunguka, na dadu huamua mambo yasiyo na uhakika. Mchezo unaojulikana zaidi ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974 na kampuni ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin, nchini Marekani.

Katika makala hii "panga" ni wingi wa upanga wa vita, wala si panga la kufyekea.

Asili katika fasihi

Panga zenye majina na nguvu za ajabu ni za kale katika hadithi za Ulaya. Mfalme Arthur ana Excalibur, na Roland, shujaa wa tenzi za Ufaransa, ana Durendal, ambao mpini wake ulisemekana kuwa na masalia ya watakatifu. Kwa michezo ya mezani, hata hivyo, upanga muhimu zaidi wa kale ni Tyrfing wa masimulizi ya Iceland. Mfalme Svafrlami aliwalazimisha vibete wawili wamfulie upanga huo, nao wakaulaani: kila ukifutwa alani lazima umwue mtu. Humo tayari kuna wazo kwamba silaha inaweza kumtumia mwenyewe badala ya kutumiwa naye.

Wazo hilo liliwafikia watunzi wa michezo kupitia riwaya za karne ya 20. J. R. R. Tolkien, katika kitabu chake cha mwaka 1937, alimpa Bilbo upanga mfupi uitwao Sting unaong'aa adui wanapokaribia. Poul Anderson alitumia upanga uliolaaniwa katika The Broken Sword (1954). Michael Moorcock alianza mwaka 1961 kuchapisha hadithi za Elric, mfalme dhaifu wa mwili anayepata nguvu kutoka kwa Stormbringer, upanga mweusi unaokula roho za wanaouawa nao, wakiwemo watu ambao Elric anawapenda. Gygax aliwataja waandishi hao watatu katika orodha ya vitabu vilivyomwathiri, iliyochapishwa mwaka 1979 mwishoni mwa mwongozo wa msimamizi wa mchezo.

Kanuni za mwaka 1974

Dungeons & Dragons ya kwanza ilikuwa na vijitabu vitatu, na panga za kichawi zilielezwa katika cha pili, Monsters & Treasure. Zilitofautishwa na silaha nyingine zote. Kila upanga wa kichawi ulikuwa na kiwango cha akili na ulichagua upande wake katika ugomvi mkuu wa ulimwengu wa mchezo: Sheria, Vurugu, au katikati yao. Mhusika aliyeshika upanga wa upande usio wake aliumia papo hapo. Panga zenye akili ya kutosha zilikuwa pia na nafsi, nazo ziliweza kugundua mitego, milango ya siri au vito, na zile za juu kabisa zilizungumza.

Kanuni hizo zilikuwa na kazi nyingine ambayo ni rahisi kuisahau. Makuhani walikatazwa silaha zenye makali, na wachawi waliruhusiwa jambia tu. Hivyo upanga wa kichawi ulikuwa mali ya wapiganaji peke yao. Mchawi hupata nguvu kubwa kadiri mchezo unavyoendelea, ilhali mpiganaji hubaki na mkono wake. Upanga ulikuwa njia ya kumpa mpiganaji sehemu yake ya maajabu. Aidha, baadhi ya viumbe hawakuweza kudhurika kwa chuma cha kawaida, kwa hiyo hata upanga dhaifu wa kichawi ulifungua mapigano ambayo bila huo yangekuwa ya kukimbia tu.

Nyongeza na hesabu yake

Uwezo wa kawaida wa upanga wa kichawi huandikwa kwa namba: +1, +2, +3, na katika baadhi ya matoleo hadi +5. Katika kanuni za sasa namba hiyo huongezwa kwenye dadu ya shambulio na pia kwenye madhara.

Dadu ya shambulio ina pande 20, kwa hiyo kila nyongeza ya 1 huongeza uwezekano wa kufanikiwa kwa asilimia 5. Hiyo yaonekana kidogo, lakini faida huongezeka kwa sababu inahesabiwa mara mbili. Tuseme mpiganaji anahitaji kupata 11 au zaidi, na upanga wake unatoa madhara ya dadu ya pande 8, yaani wastani wa 4.5. Bila uchawi hufanikiwa mara 50 kati ya 100, na wastani wa madhara kwa kila shambulio ni 2.25. Kwa upanga wa +1 hufanikiwa mara 55, madhara yake ni 5.5, na wastani hupanda hadi 3.025. Ni ongezeko la takriban asilimia 34. Mhusika mwenye nguvu nyingi za mwili hupata ongezeko dogo zaidi kwa uwiano, kwa kuwa madhara yake ya msingi tayari ni makubwa.

Toleo la tatu, lililotolewa mwaka 2000 na Wizards of the Coast baada ya kuinunua TSR mwaka 1997, liliweka bei: nyongeza huzidishwa kwa yenyewe, kisha kwa sarafu 2,000 za dhahabu. Uchawi wa +1 uligharimu 2,000, wa +2 ukawa 8,000, na wa +5 ukafika 50,000. Mpango huo ulikuwa wa haki na rahisi kuutumia, lakini ulikuwa na gharama yake. Upanga uliokuwa zawadi ya kushangaza katika pango la joka ukawa bidhaa ya sokoni. Kwa vile nguvu za maadui zilipangwa kwa kudhani kwamba wahusika wana mali ya kiwango fulani, mpiganaji asiyenunua nyongeza kwa wakati alibaki nyuma.

Toleo la tano, la mwaka 2014, lilirudi nyuma kwa makusudi. Nyongeza haizidi +3, mchezo umepangwa uweze kuchezwa bila silaha za kichawi, na vitu vingi vyenye nguvu humtaka mhusika afungamane navyo kwanza, visivyozidi vitatu kwa wakati mmoja.

Panga zenye nafsi

Upanga wenye nafsi ndio sehemu tata zaidi ya kanuni hizi, kwa kuwa unagusa kitu ambacho mchezaji anacho peke yake mezani. Msimamizi anamiliki ulimwengu mzima: majoka, wafalme, hali ya hewa. Mchezaji anamiliki maamuzi ya mhusika wake. Upanga unaoweza kumtawala aliyeushika unamnyang'anya hata hayo.

Katika kanuni za mwanzo akili na nafsi za upanga zililinganishwa na uwezo wa mhusika. Upanga ukishinda, uliweza kumlazimisha aache silaha nyingine, akimbilie vitani bila tahadhari, au aukabidhi kwa mtu unayemwona anafaa zaidi. Katika baadhi ya matoleo hayo mhusika aliyejeruhiwa alipunguziwa uwezo wa kupinga, maana yake upanga ulikuwa hatari zaidi pale pale alipouhitaji zaidi.

Toleo la tano limelainisha jambo hilo. Upanga unaotofautiana na mwenyewe hutoa madai kwanza. Akikataa, unaweza kuzima uwezo wake, kukataa kufungamana naye, au kujaribu kumtawala; akishindwa kujizuia, hutawaliwa kwa saa 1 hadi 12. Hatua ya madai ndiyo inayofaa zaidi, kwani humwachia mchezaji uamuzi: atii, abishane, au autupe upanga. Utawala wa moja kwa moja humgeuza kuwa mtazamaji.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni Blackrazor, upanga mweusi wa kisa cha White Plume Mountain kilichoandikwa na Lawrence Schick na kuchapishwa mwaka 1979. Hula roho na kumpa mwenyewe nguvu za wanaouawa, na undugu wake na Stormbringer hauhitaji maelezo. Una kasoro moja iliyobuniwa vizuri: ukimpiga kiumbe mfu anayetembea, ambaye hana uhai wa kuliwa, nguvu hutiririka kinyume, mwenye upanga akaumia na adui akapata nafuu.

Panga zenye laana ni jamii iliyo karibu. Katika kanuni za zamani upanga wa namna hiyo haukuachika, hata kama ulipunguza uwezo wa mpiganaji badala ya kuuongeza. Mchezaji kwa kawaida aligundua laana akiwa tayari vitani.

Panga nyingine mashuhuri

Upanga wa vorpal uliingia katika mchezo kupitia kitabu cha nyongeza cha Greyhawk (1975). Jina hilo ni neno lililobuniwa na Lewis Carroll katika shairi lake Jabberwocky, na kwa kuwa shujaa wa shairi anarudi nyumbani na kichwa cha mnyama, upanga wa mchezo hukata vichwa. Kitabu hicho hicho kilileta upanga mtakatifu wa mpiganaji wa dini aitwaye paladini. Upanga wa Kas, uliotokea mwaka 1976 katika Eldritch Wizardry, ni wa mlinzi aliyemsaliti bwana wake Vecna na kumkata mkono na jicho.

Michezo mingine

RuneQuest (1978) haikutegemea panga za +1. Humo mpiganaji hunoa upanga wake kwa uchawi wa muda mfupi anaoufanya mwenyewe. Kampuni hiyo hiyo, Chaosium, ilitoa mwaka 1981 mchezo wa Stormbringer, ambamo nguvu ya silaha ni ya pepo aliyefungwa ndani yake. Namba na nafsi vikawa kitu kimoja.

Earthdawn, uliochapishwa na FASA mwaka 1993, ulichukua njia ya pekee. Upanga hautoi nguvu zake zote siku unapopatikana. Mwenyewe hulazimika kutafuta habari zake, kama vile jina lake, nani aliufua na ulitumika wapi, na kila ukweli anaoupata humwezesha kuufunga zaidi na nafsi yake. Mchezaji wa Earthdawn anaweza kusafiri hadi mji wa mbali kumhoji mzee mmoja, ili tu ajue upanga alioubeba miaka yote uliitwa nani.