Mashine Kuukuu Inapowashwa: Historia Yenye Funzo kwa Mama

Leo tutazungumza juu ya injini. Huenda ukauliza, nesi na injini ni wapi na wapi? Kijana akivunjika mkono huko karakana, atarudishwa nyumbani. Wa kumlisha, kumwogesha na kumpeleka kliniki ni wewe.

Mtaa wetu wa Kaloleni ulijengwa na baraza la mji wa Nairobi miaka ya 1940, kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika na jamaa zao. Jirani zetu wa Makongeni walikaa nyumba za reli. Kwa hiyo tangu mwanzo, unga wa nyumba nyingi za huku umetokana na kazi ya mashine.

Zamani hizo injini ya gari au trekta iliwashwa kwa hendeli. Ni chuma kilichopindwa, kinaingizwa mbele ya injini na kuzungushwa kwa mkono. Injini ikiwaka kabla ya wakati wake hurudi nyuma kwa nguvu, na hendeli humpiga aliyeishika. Wengi walivunjika mfupa karibu na kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hata madaktari wakauita mvunjiko wa dereva. Wazee walifunza vijana wasikizungushe kidole gumba kwenye hendeli, na waivute kwenda juu badala ya kuisukuma chini. Kule Marekani, inasimuliwa kwamba mtengenezaji wa magari Byron Carter alifariki mwaka 1908 baada ya kuumizwa na hendeli. Gari la Cadillac la mwaka 1912 likaja na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering.

Je, stata ilimaliza hatari? La. Mashine ikizeeka, stata hufa na waya hukatika. Hapo mtu husimama chini, kando ya gurudumu, akagusanisha vyuma vya stata kwa bisibisi. Matrekta mengi yana swichi inayozuia injini isiwake ikiwa ndani ya gia. Bisibisi huiruka swichi hiyo. Trekta huondoka papo hapo, na gurudumu la nyuma humkanyaga aliyeliwasha. Hapati hata nafasi ya kuruka.

Jirani zetu wa Tanganyika nao wana kisa cha kutufunza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa makuukuu, mabaki ya vita, na madereva wengi walifunzwa harakaharaka. Kabla ya mwaka huo kwisha mengi yalikuwa yameharibika. Mpango wenyewe uliachwa mwaka 1951, hasara ikawa kama pauni milioni 36. Mashine ilikuwa imechoka, kazi ilikuwa ya haraka, na mkono haukufunzwa. Mambo hayo matatu yakikutana, kuna kuumia.

Tazama sasa hapa karibu. Kutoka Kaloleni hadi Gikomba na Kamukunji ni mwendo wa miguu. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na serikali ikaanza kuitambua kazi ya jua kali. Ni kazi ya heshima na imesomesha watoto wengi. Lakini kijana anayejifunza ndiye hutumwa mara nyingi: "Washa hiyo!" Yeye naye huona haya kuuliza.

Mama, mwambie kijana wako haya kabla hajatoka asubuhi:

1. Ahakikishe gia iko huru na breki imekazwa.
2. Awashe akiwa ameketi kwenye kiti, kamwe asiwashe akiwa chini.
3. Atazame nyuma na chini ya mashine, na apaze sauti kabla ya kuwasha. Watoto hupenda kucheza hapo.
4. Asivae shati linaloning'inia. Nawe ukienda kusaga unga, funga leso vizuri na ukae mbali na mkanda wa mashine.
5. Jenereta isiwashwe ndani ya nyumba. Moshi wake huua bila harufu kali.

Akiumia, usimkande wala kumvuta mkono. Mvue pete na saa mapema, kabla hajavimba. Funga mkono kwenye kipande cha mbao au katoni ngumu, kisha uutundike shingoni kwa leso. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, kimbia hospitali. Kidonda chochote cha chuma kinahitaji kuulizwa kuhusu sindano ya pepopunda.

Kiungo kikikatika, usikitupe. Kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, tia ndani ya mfuko wa plastiki, kisha weka mfuko huo kwenye maji ya barafu. Barafu isiguse nyama. Mwezi wa Januari 2018, madaktari wa Hospitali Kuu ya Kenyatta waliurudisha mkono wa kijana wa miaka 17 kutoka Kiambu, uliokatwa na mashine ya kukata majani ya ng'ombe. Upasuaji ulichukua takriban saa 7.

Mwisho, ujue haki yako. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia kazini. Mpe mwajiri habari mapema, na uzihifadhi karatasi zote za hospitali.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Dakika moja ya kutazama gia ni ndogo kuliko miezi ya kumlea mgonjwa. Mweleze na jirani yako. Hadi tutakapokutana tena, afya njema.