Ushanga ulikuja na meli, fundo lilikuwa letu

Siku hizi kila nikifungua simu naona mtu anafunga bangili ya lulu nyumbani. Uzi, sindano, lulu, fundo. Lulu tena, fundo tena. Poa sana, endeleeni. Lakini kuna wasee wanasema hii ni sanaa ya ng'ambo, eti imetufikia juzi na intaneti. Mimi ni wa Ukambani, na hapo nakataa.

Tuanze na fundo. Ukitunga lulu bila mafundo zinasuguana mpaka zinachubuka, na uzi ukikatika zote zinamwagika sakafuni. Ukiweka fundo kati ya kila lulu, unapoteza moja tu. Ndiyo maana unalisogeza fundo kwa ncha ya sindano mpaka libane lulu, halafu unakaza. Hiyo ni akili ya mtu anayejua kitu chake kilipatikana kwa jasho.

Na watu wetu walilijua hilo jasho. Miaka ya 1840 misafara ya Wakamba ilitawala njia ya kutoka bara hadi Mombasa. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Shanga, nguo na waya za shaba zikapanda. Jina kubwa kwenye hiyo biashara lilikuwa Kivoi wa Kitui. Mmishonari Mjerumani, Ludwig Krapf, alifika kwake mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba akiwa hukohuko Kitui akauona Mlima Kenya. Krapf alirudi 1851, wakaenda pamoja kuelekea mto Tana. Wakavamiwa njiani. Kivoi akauawa. Kwa hiyo usifikirie ilikuwa matembezi.

Shanga nyingi za wakati huo zilikuwa za kioo, zimetengenezwa Venice kule Italia, zikavuka bahari mpaka Zanzibar na Mombasa. Zilikuwa urembo na zilikuwa pesa. Tena pesa yenye maringo: rangi inayogombaniwa kijiji hiki, kijiji cha mbele hawaitaki hata bure. Hapa ndipo roho huniuma. Ndovu mzima anaanguka, tunarudishiwa vipande vya kioo ambavyo kiwanda kinavimwaga kwa magunia. Faida kubwa ilibaki wapi? Unajua.

Lakini story haiishii hapo. Zile waya hazikukaa kama zilivyokuja. Mafundi wa Kikamba walizivuta zikawa nyembamba, wakazisuka mikufu laini, halafu wakawauzia majirani. Na uzi ulikuwa wetu tangu mwanzo. Akina mama walichuna gome la mbuyu, wakalisokota juu ya paja, wakasuka kyondo huku wakitembea na kupiga stori. Baadaye mkonge ulipoingia, hadi mashamba makubwa yakawa Kibwezi, Makueni, mikono ileile ikausokota. Malighafi ilibadilika, ujuzi ukabaki.

Sasa rudi kwenye bangili yako. Neno lenyewe, lulu, tulilipata kutoka Kiarabu. Zamani wapiga mbizi wa Ghuba, kama wale wa Bahrain, walihatarisha maisha chini ya bahari kutafuta lulu. Mwaka 1893 Mjapani Mikimoto akafaulu kumfanya chaza atengeneze lulu kwa kupandikizwa. Na hizo ulizonunua mjini kwa bei ya soda? Hizo ni plastiki au kioo, usijidanganye. Bado zinakuja na meli, kama zamani.

Ndiyo maana nina ugomvi na bei zenu. Mtu anahesabu pesa ya lulu na uzi, anaongeza nauli, anasema basi. Kwani mikono yako ilikuwa likizo? Bangili moja ya lulu za kawaida ina mafundo kama 20, na kila fundo umelikaza wewe. Ukiuza lulu peke yake, unamfanyia kazi mwenye kiwanda bure, na hiyo ndiyo hesabu iliyotuumiza enzi za pembe. Uza fundo.

Na ukienda Kitui au Makueni likizo hii, keti na susu umwombe akufundishe kusokota uzi. Sindano utanunua popote. Lile paja lenye ujuzi halitakungoja milele.