Assani Lukimya

Assani Lukimya-Mulongoti ni beki wa kati mstaafu, aliyezaliwa tarehe 25 Januari 1986 mjini Uvira, Kivu Kusini, nchi ya Kongo ikiitwa bado Zaire. Alikulia Ujerumani na kufika Bundesliga, ligi kuu ya nchi hiyo. Kwa watu wa Fizi na Baraka, kusini mwa Uvira, huyu ni mtoto wa jirani. Barabara ya kusini kutoka Uvira hufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika hadi Baraka, na wauza dagaa, unga na vitenge huipita huku na huko. Ni haki basi jina lake liwekwe katika kumbukumbu za mwambao huu.

Hakupanda kwa haraka. Kabla ya 2010 alipitia Hansa Rostock na Carl Zeiss Jena, klabu mbili za iliyokuwa Ujerumani Mashariki, zenye historia ndefu na mifuko mitupu. Mwaka 2010 akahamia Fortuna Düsseldorf, iliyokuwa daraja la pili chini ya kocha Norbert Meier, na hapo ndipo alipojijengea jina. Alikuwa beki wa nguvu: mwili imara, kichwa kizuri kwenye kona, asiyeogopa kujitupa mbele ya shuti. Kupiga pasi ndefu za kuanzisha mashambulizi hakukuwa sifa yake kubwa.

Msimu wa 2011/12 Fortuna ilimaliza ya 3 na kupata nafasi ya kucheza mchujo wa kupanda Bundesliga na Hertha Berlin. Ilishinda 2-1 mjini Berlin. Mechi ya marudiano, tarehe 15 Mei 2012, bado inasimuliwa Ujerumani nzima. Matokeo yakiwa 2-2, dakika za nyongeza zikikaribia kuisha, mashabiki wa nyumbani walidhani kipenga cha mwisho kimelia wakamiminika uwanjani. Mmoja alichimba nyasi za alama ya penalti akaondoka nazo kama kumbukumbu. Wachezaji walitolewa, na ilichukua takriban dakika 20 kabla ya kurudi kumalizia sekunde zilizobaki. Hertha ilikata rufaa, ikashindwa. Fortuna ikarejea Bundesliga baada ya miaka 15.

Lukimya hakupanda nayo. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, na kiangazi hicho akajiunga na Werder Bremen bila ada ya uhamisho. Alikuta mbele yake mabeki wenye majina makubwa, Sokratis Papastathopoulos na Sebastian Prödl, na Werder yenyewe ilikuwa imeshaporomoka kutoka enzi za ubingwa wa 2004. Ilimaliza ya 14 katika msimu wake wa kwanza, ambao ulikuwa wa mwisho kwa kocha Thomas Schaaf. Sokratis alipoondoka kwenda Dortmund mwaka 2013, nafasi ya Lukimya ilipanuka kidogo, lakini kila dirisha la usajili lilileta mshindani mpya. Wapo waliomwona kama beki wa akiba tu. Hukumu hiyo si ya haki: kudumu zaidi ya misimu mitatu katika Bundesliga, chini ya makocha tofauti, si jambo la bahati.

Mwanzoni mwa 2016 alikwenda China kuchezea Liaoning, iliyoshuka daraja mwaka 2017. Mwaka uliofuata akarudi Ujerumani, KFC Uerdingen ya Krefeld, daraja la tatu. Jezi ya timu ya taifa ya Kongo aliivaa mara chache.

Si yeye peke yake aliyetoka kandokando ya ziwa hili akafika mbali. Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura, ng'ambo tu ya Uvira, akacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2004 na Monaco. Nestory Irankunda alizaliwa Kigoma mwaka 2006 kwa wazazi wakimbizi wa Burundi, akalelewa Australia, kisha akasajiliwa na Bayern München. Mkoa huohuo wa Kigoma ndio uliopokea maelfu ya watu wa Fizi na Baraka waliovuka ziwa baada ya vita vya Kongo vya 1996, wengi wao wakiishia kambi ya Nyarugusu. Lukimya na Irankunda walilelewa kimpira mbali na ziwa, na hilo linasema mengi zaidi kuhusu viwanja vyetu kuliko kuhusu vipaji vyetu.

Huko Ujerumani kila mechi ya Lukimya, kila kadi na kila dakika vimeandikwa, na yeyote anaweza kuvisoma. Mabeki waliowika kwenye viwanja vya Baraka, Fizi na Uvira wanakumbukwa kwa midomo ya wazee peke yake. Walimu, waamuzi na viongozi wa timu wa eneo hili, andikeni majina yao na miaka waliyocheza wakati wazee hao wangali hai.