Pikapu Nzito ya Petroli au Pikapu Nyepesi: Mambo ya Kuzingatia kwa Mnunuzi wa Dutwa na Mkoa wa Simiyu

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Kata ya Dutwa, Wilaya ya Bariadi, ni miongoni mwa maeneo ya Mkoa wa Simiyu ambako gari la mizigo ni nyenzo ya uzalishaji kama lilivyo jembe la kukokotwa na ng'ombe. Wananchi wake hulima pamba, mahindi, mpunga, dengu na choroko, hufuga, hujenga na hufanya biashara katika masoko na minada. Msimu wa mauzo unapofika na fedha kuonekana mkononi, wakulima, wafanyabiashara na vikundi vya ushirika hukabiliwa na swali lilelile: je, inunuliwe pikapu nzito yenye injini kubwa ya petroli, au pikapu nyepesi inatosha?

Swali hilo hugusa akiba ya miaka mingi, na wakati mwingine mkopo uliodhaminiwa kwa shamba au mifugo. Makala haya yanaeleza vigezo vya kupima kabla ya kulipa fedha, ili uamuzi utokane na kazi ambayo gari litafanya na si na umbo lake.

Pikapu ipi ni nzito?

Neno "nzito" hutumika kwa maana tofauti. Nchini Marekani, pikapu huanza kuhesabiwa kuwa ya kazi nzito pale uzito wake wa jumla unaoruhusiwa unapozidi takriban kilo 3,856. Ford F-250 ni mfano wa kundi hilo, na wanunuzi wengi huko huichukua ikiwa na injini ya petroli kwa kuwa bei yake ya kuanzia ni ndogo kuliko ile ya dizeli. Magari hayo hutengenezwa yakiwa na usukani wa kushoto kwa ajili ya barabara zao, nayo si ya kawaida nchini Tanzania.

Hapa nchini, pikapu inayotajwa zaidi kwa kazi ngumu ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, uliozinduliwa mwaka 1984. Pikapu ya namba 79 ya mfululizo huo ina ekseli nzima mbele na nyuma, na imetolewa kwa injini mbalimbali, ikiwemo ya petroli yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.0, na ya dizeli yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2. Katika kundi jepesi zaidi yapo magari kama Toyota Hilux, ambayo nayo hupatikana kwa injini ya petroli ya lita 2.7. Chini kabisa kuna kirikuu, gari dogo la Kijapani ambalo sheria za Japani huliwekea kikomo cha injini ya sentimita za ujazo 660 na mzigo wa kilo 350.

Uwezo wa kubeba husomwa kwenye kadi

Kosa linalowagharimu wanunuzi wengi ni kudhani kwamba gari likiwa zito, basi hubeba zaidi. Uwezo halali wa kubeba hupatikana kwa kuchukua uzito wa jumla unaoruhusiwa na kutoa uzito wa gari likiwa tupu. Takwimu hizo huonekana kwenye kadi ya gari na kwenye kibati cha mtengenezaji, ambacho aghalabu hubandikwa kwenye nguzo ya mlango.

Tuchukue mfano wa hesabu. Pikapu nzito yenye uzito wa jumla wa kilo 3,300 na uzito tupu wa kilo 2,150 inabakiwa na kilo 1,150. Ikifungwa bampa la chuma na kichanja vyenye jumla ya kilo 100, na ikabeba dereva na abiria wawili wenye kilo 75 kila mmoja, nafasi ya mzigo inashuka hadi kilo 825. Hiyo ni mifuko 16 tu ya saruji ya kilo 50. Pikapu nyepesi ya kebini moja yenye uzito wa jumla wa kilo 2,700 na uzito tupu wa kilo 1,600 inaanza na kilo 1,100, tofauti ya mfuko mmoja wa saruji.

Kinacholipiwa zaidi katika pikapu nzito, kwa hiyo, ni uimara wa fremu, ekseli na springi zinazohimili mzigo uleule siku baada ya siku kwenye barabara mbovu, pamoja na uwezo wa kuvuta trela. Anayebeba tani moja mara tatu kwa mwezi hana sababu sawa ya kulipia uimara huo na anayebeba tani moja kila siku.

Mzigo wa Simiyu ni upi?

Mkoa wa Simiyu ni kinara wa uzalishaji wa pamba nchini, na wengi hununua gari wakiufikiria msimu huo. Hata hivyo, pamba mbegu ni mzigo mwepesi wenye kuchukua nafasi kubwa. Bodi ya pikapu hujaa mapema kabla uzito haujafika kikomo. Kwa kazi hiyo, bodi pana na yenye vichanja virefu ina manufaa kuliko injini kubwa. Aidha, mkulima mwenye shamba la wastani hupeleka pamba katika kituo cha chama chake cha msingi cha ushirika, AMCOS, na kutoka hapo malori ya wanunuzi huipeleka viwandani. Safari ya mkulima mwenyewe ni fupi, na mkokoteni wa ng'ombe bado huifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo.

Hali ni tofauti kwa mizigo yenye uzito mkubwa katika nafasi ndogo: saruji, nondo, mchanga, mawe, nafaka na maji. Tangi la lita 1,000 likijaa maji lina tani moja kamili, mbali na uzito wa tangi lenyewe. Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi au msambazaji wa maji anayehudumia vijiji kila siku ndiye ambaye pikapu nzito humrudishia fedha yake.

Barabara na udongo wa mbuga

Barabara ya lami kutoka Lamadi kwenda Bariadi imerahisisha safari za eneo hili. Katika barabara ya lami, pikapu nyepesi iliyopakiwa kwa kiwango hufanya kazi bila shida. Tofauti huanza gari linapoacha lami na kuingia barabara za vijijini, nyingi zikiwa za changarawe au udongo, ambazo husimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017.

Wakati wa kiangazi, mashimo na makorongo huchosha springi na fremu, na hapo gari imara hujitetea. Wakati wa masika, sehemu kubwa ya mabonde ya Usukumani huwa na udongo mweusi wa mbuga, ambao hunata na kulainika unapolowa. Katika udongo huo uzito ni hasara, kwa kuwa gari zito huzama zaidi na ni vigumu kulinasua. Pikapu nyepesi inayovuta kwa magurudumu yote manne na yenye matairi yanayofaa inaweza kupita mahali ambapo gari zito limekwama.

Ikumbukwe pia kuwa mkonga unaofungwa pembeni ya kioo huzuia maji kuingia kwenye injini kupitia njia ya hewa pekee. Haukingi mfumo wa umeme unaowasha petroli, wala hauzuii gari kusombwa. Mto uliofurika hauvukwi kwa gari lolote, liwe zito au jepesi.

Petroli au dizeli?

Injini ya petroli ina faida zake. Kwa kawaida bei yake ya kununulia ni ya chini, huwaka upesi, haina kelele nyingi, na haitegemei mfumo wa pampu na nozeli za shinikizo kubwa ambao huharibika haraka endapo dizeli itachanganyika na maji au uchafu. Upungufu wake ni ulaji wa mafuta. Kwa kazi ileile, injini ya dizeli hutumia lita chache zaidi ya petroli na hutoa nguvu ya kuvuta ikiwa katika mzunguko wa chini, jambo linalosaidia gari lililopakia kupanda kilima au kutoka kwenye tope.

Mnunuzi afanye hesabu yake mwenyewe. Kwa mfano, gari jepesi likitumia lita 10 kwa kilomita 100, na gari zito la petroli likatumia lita 16, basi kwa kilomita 20,000 za mwaka mmoja tofauti ni lita 1,200. Lita hizo zizidishwe kwa bei kikomo inayotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei hizo hutofautiana kati ya eneo na eneo kulingana na umbali, hivyo isomwe ile ya Bariadi na si ya Dar es Salaam.

Ipo sababu nyingine ya kuhesabu lita. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye bei ya mafuta kwa nyongeza ya Shilingi 40 kwa lita. Utaratibu huo ulimwondolea mmiliki usumbufu wa stika na madeni ya magari yaliyoegeshwa, lakini maana yake ni kwamba gari linalokunywa mafuta mengi huchangia zaidi.

Kilo 3,500 katika sheria

Uzito wa jumla wa kilo 3,500 ni mpaka muhimu. Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa nchini Machi 2019, magari yenye uzito wa kuanzia kilo 3,500 hupaswa kupimwa katika vituo vya mizani. Vilevile, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, huweka mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa nje ya makazi kwa magari yanayozidi uzito huo. Pikapu iliyo chini kidogo ya mpaka inaweza kuuvuka kwa mzigo wa kupita kiasi, na kuongeza springi mitaani hakubadilishi uwezo ulioandikwa kwenye kadi wala nguvu ya breki.

Mwananchi anayekusudia kubeba mizigo ya watu wengine kwa malipo awasiliane na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, kuhusu leseni ya usafirishaji, na ahakikishe daraja la leseni ya dereva linaendana na gari na matumizi yake. Kupakia watu juu ya mizigo siku za mnada ni hatari kwa maisha, hata kama gari lina nguvu ya kuwabeba.

Hatua za kufuata kabla ya kununua

Mnunuzi anashauriwa kuandika safari na mizigo yake ya mwaka mzima, na si ya msimu wa pamba pekee. Kusoma uzito tupu na uzito wa jumla kwenye kadi ya kila gari analofikiria. Kukokotoa kodi kupitia kikokotoo cha magari yaliyotumika kilicho kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, kwa kuwa umri na aina ya gari huathiri kiasi cha kulipa. Kuhakiki umiliki kabla ya kulipa. Na kumshirikisha fundi anayeaminika kukagua fremu, ekseli na breki.

Baada ya hesabu hizo, pikapu nzito ya petroli itamfaa yule ambaye mzigo wake ni mzito karibu kila siku, ambaye njia yake ni ngumu lakini si ya tope la mbuga kwa miezi mingi, na ambaye mapato yake yanamudu lita za ziada. Kwa wengine, pikapu nyepesi iliyotunzwa vizuri na kupakiwa kwa kiwango, pamoja na lori la kukodi kwa siku chache za mzigo mkubwa, huacha fedha zaidi mfukoni kwa ajili ya mbegu, ada za shule na akiba ya msimu ujao.