Kupe Hana Mpaka

Robert Koch, bingwa wa Kijerumani, alipochunguza damu ya ng'ombe Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898, aliona vijidudu akadhani ni homa ya Texas. Kumbe ni ndigana kali, ile ambayo Wamaasai huiita oltikana. Huku kwetu Meru, mwaka 1960 ikatengwa hifadhi ya Ngurdoto, leo Hifadhi ya Arusha: nyati ndani, ng'ombe nje. Lakini kupe hasomi ramani. Akiwa mdogo humnyonya nyati, ambaye hubeba vijidudu bila kuugua. Hudondoka nyasini, akakua, akamdandia ndama wa jirani. Ndama akifa, maziwa na ada ya shule vimekwenda. Ndiyo maana nasema, ndugu msomaji: mpaka uliwekwa na serikali, gharama yake analipa mchungaji.