Ubwari, kisiwa ambacho si kisiwa

Wazazi wengi wanashangaa kijana anatafuta nini katika michezo ya simu ambamo hakuna wa kupigana naye, anatembea tu, anachunguza, anafumbua mafumbo. Tuangalie ng'ambo ya maji yetu, kule Ubwari.

Mwezi wa 4, mwaka 1858, Waingereza Burton na Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi, wakitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Walipita ncha ya kaskazini ya Ubwari, wakavuka hadi upande wetu, wakapanda mpaka Uvira. Ghuba hawakuifuata hadi mwisho. Ndiyo maana Burton aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa, wakati mtu anafika huko kwa miguu akizunguka upande wa kusini. Na ramani zinaiita Ghuba ya Burton, jina la mtu ambaye hakuimaliza!

Huko Uvira, watoto watatu wa sultani Maruta waliwaambia: Rusizi unaingia. Wapiga kasia walikataa kwenda mbele, basi wageni wakarudi bila kuuona. Ni mwezi wa 11, 1871, ndipo Livingstone na Stanley walipofika kwenye mdomo wa mto na kukuta vilevile. Maji yanatokea Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. Cameron aliuona mto huo mwaka 1874.

Mwaka 1993, ndugu wawili Wamarekani, Rand na Robyn Miller, walitoa mchezo wa kompyuta unaoitwa Myst. Unajikuta peke yako kisiwani, hakuna anayekueleza sheria, hakuna anayekukimbiza. Utamu wake ni kurudi ulipopita jana na kugundua kwamba kitu ulichokidharau ndicho ufunguo. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kilichomkosa Burton, ingawa homa haimkamati mtu ndani ya kompyuta.

Mtoto aliyezaliwa uhamishoni hajui njia ya kijiji chake. Mzee achore chini kwa kijiti: mto, mlima, shamba, nyumba ya jirani. Aache njia moja bila kuichora, mtoto aulize maswali mpaka aipate. Akipotea, asipewe jibu; arudi mtoni, aanze tena.