Nyumba Zinabaki: Kutoka Córdoba Mpaka Jinja

Ukitembea barabara kuu ya Jinja, usiangalie vioo vya maduka peke yake. Inua kichwa. Juu kabisa, karibu na paa, utaona majina ya Kihindi yameandikwa kwenye saruji, na mara nyingi na mwaka: 1920 na kitu, 1930 na kitu. Siku moja nilishuka pale kutoka Mbale, kwa taksi ya njia ya Tirinyi, nikamuuliza kijana anayeuza vocha chini ya jina moja kama hilo: huyu alikuwa nani? Akainua macho, akasoma kana kwamba ni mara ya kwanza. "Hilo ni jina la nyumba tu, muzee."

Jibu hilo lilinisumbua njia yote ya kurudi, mpaka Wanale ikatokea mbele yetu na maporomoko yake. Kwetu Uvira, baba yangu naye aliandika mwaka kwenye saruji ya kibaraza, kwa msumari. Leo pale wanakaa watu nisiowajua. Labda nao mtoto akiwauliza wanamjibu: hiyo ni namba tu.

Vijana wetu wanaijua Uhispania kwa mpira. Usiku wa Barcelona na Real Madrid, kibanda cha video kinajaa mpaka mlangoni. Lakini watalii wanakwenda nchi hiyohiyo kwa mamilioni kuangalia mawe: Msikiti wa Córdoba, Alhambra ya Granada, masinagogi ya Toledo. Nataka niwasimulie majengo hayo kidogo, wenzangu, kwa sababu ukiyachunguza, ndani yake utawakuta wakimbizi.

Tuanze na Córdoba. Mwaka 750 ukoo wa Umayya, uliotawala kutoka Damascus, ulipinduliwa, na ndugu wakawindwa mmoja mmoja. Kijana mmoja, Abdulrahman, alikuwa na miaka kama 20. Wanahistoria wa Kiarabu wanasimulia kwamba alijitupa mto Furati pamoja na mdogo wake. Askari wakawaita kutoka ukingoni: rudini, hamtafanywa kitu. Mdogo akarudi, akauawa. Abdulrahman akaendelea kuogelea. Nyinyi mliovuka Ruzizi au Semliki usiku, hapo sina haja ya kuwaeleza.

Alipita Palestina, Misri, Afrika Kaskazini, akajificha kwa wajomba zake Waberiberi, kabila la mama yake. Mwaka 755 akavuka bahari kuingia Uhispania, na mwaka uliofuata akawa mtawala Córdoba. Karibu miaka 30 baadaye, mwaka 785, ndipo akaanza kujenga msikiti ule wenye matao mekundu na meupe. Nguzo nyingi zilitolewa kwenye majengo ya zamani ya Warumi na ya Wavisigothi. Na nje ya mji alijijengea makazi yenye bustani, akayaita Rusafa, jina la mahali pa babu yake kule Syria. Tusimcheke. Wenzetu Nakivale si nao wana mtaa unaoitwa New Congo?

Sasa geuza ukurasa. Tarehe 2 Januari 1492 Granada, mji wa mwisho wa Waislamu, ilijisalimisha kwa mfalme Fernando na malkia Isabel. Tarehe 31 Machi, humohumo ndani ya Alhambra, wakatia sahihi amri: Wayahudi wote wabatizwe au watoke kabla ya mwisho wa Julai. Miezi minne. Walikatazwa kutoka na dhahabu, fedha na sarafu. Padri Andrés Bernáldez, aliyeishi wakati ule, aliandika kwamba mtu alitoa nyumba akapewa punda. Hapa kwetu kuna waliouza ng'ombe kwa bei ya kuku, gari likiwa limeshawashwa. Kuanzia 1609 ikawa zamu ya Wamorisko, wazao wa Waislamu waliokwisha kubatizwa. Watu kama 300,000 walifukuzwa.

Watu wakaondoka, nyumba zikabaki. Msikiti wa Córdoba ulikuwa umeshafanywa kanisa tangu 1236. Kule Toledo, sinagogi alilojenga Samuel ha-Levi, mtunza hazina wa mfalme, katika karne ya 14, nalo likawa kanisa. Leo ni makumbusho. Maandishi ya Kiebrania bado yako ukutani, na wenyewe hawapo.

Turudi upande wetu. Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alisimama mbele ya askari wake Tororo, hapo jirani na Mbale, akatangaza kwamba Waasia waondoke. Wakapewa siku 90. Wengi walikwenda Uingereza, wengine Kanada na India. Wale ambao hakuna nchi iliyowatambua walipelekwa kwenye kambi za muda Ulaya: Austria, Ubelgiji, Italia, Malta, na Uhispania yenyewe. Yaani mtu wa duka la Jinja alilala kama mkimbizi katika nchi ya Alhambra.

Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa sawa kabla ya hapo. Ukoloni ulipanga watu kama ngazi, na Mwafrika akawa chini. Mwaka 1949 wakulima wa Buganda walifanya ghasia wakidai, pamoja na mengine, haki ya kuchambua pamba yao wenyewe. Uchungu ule ulikuwa wa kweli. Lakini dawa ya uchungu haikuwa kumfukuza jirani pamoja na watoto wake, waliozaliwa hapohapo.

Baadaye serikali zilijaribu kurekebisha. Uganda ilitunga sheria ya mali hizo mwaka 1982, na miaka ya 1990 wengi wakarudishiwa nyumba zao. Uhispania ilitunga sheria yake mwaka 2015, kuwapa uraia wazao wa Wayahudi waliofukuzwa. Hesabu mwenyewe: miaka 523. Na wazao hao waliwezaje kujulikana? Waliendelea kuitana kwa majina ya ukoo, na wengi waliongea Kihispania chao cha zamani jikoni, Uturuki na Ugiriki, kizazi baada ya kizazi.

Hata hapa chini ya Wanale tuna mfano. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda anayetajwa kuwa mwanzilishi wa Mbale, alishika dini ya Kiyahudi mwaka 1919 pamoja na wafuasi wake. Ndio Abayudaya, wa kilima cha Nabugoye. Amin alipiga marufuku dini yao. Wengi waliiacha, wachache wakasali kwa kujificha mpaka alipoanguka mwaka 1979. Leo ukienda siku ya Sabato utawasikia wanaimba. Toledo kuna ukuta mzuri usio na waumini. Nabugoye kulibaki waumini, na sinagogi kubwa la sasa likaja baadaye sana.

Ndiyo maana siogopi sana tena kwa ajili ya kibaraza chetu. Kinachoniogopesha ni watoto wangu, ambao hawajawahi kuniuliza, na mimi sijawahi kuwaambia. Kijana wa vocha hana kosa, hakuna aliyemsimulia. Kwa hiyo naomba kila anayesoma hapa aandike, hata kwa penseli: nyumba ilikuwa wapi, nani aliijenga, jirani wa kulia nani, wa kushoto nani. Kisha amsomee mtoto.

Mimi naanza. Mwaka ule ulikuwa 1984. Baba aliuandika siku ya Jumapili, saruji ikiwa bado mbichi, na mimi ndiye niliyeshika ndoo.